Homa Isiyoonekana Kwenye Kipimo cha Malaria

Wazee wa Bukoba bado wanaikumbuka homa ya mwaka 1996 na 1997. Mtu aliamka mzima, jioni hawezi kushika jembe wala kufunga kifungo cha shati. Viungo vilimwuma, vipele vikamtoka, tezi za shingoni zikavimba. Sisi wauguzi, wakati ule tukiwa vijana kazini, tuliwapa klorokwini kama tulivyozoea. Maumivu yakabaki palepale. Wengine waliitwa wavivu, wengine wakaambiwa wamerogwa.

Ugonjwa ule ni o'nyong-nyong, jina la Kiacholi linalotaja udhaifu wa viungo. Ulianzia Rakai, Uganda, ukavuka mpaka. Ulikuwa umewahi kuenea Afrika Mashariki kati ya 1959 na 1962, kisha ukanyamaza miaka 35 hivi. Kirusi chake huenezwa na mbu yuleyule wa malaria, anayeuma usiku.

Kwa maoni yetu, kungoja watu waugue ndipo kirusi kitafutwe ni kuchelewa. Kitafutwe ndani ya mbu. Wataalamu huwatega kwa mitego ya taa, huwatenga kwa aina, huwasaga kwa mafungu, kisha maabara hutafuta alama za virusi. Ng'ambo ya ziwa letu, karibu na Entebbe, kirusi cha Zika kiligunduliwa ndani ya kima wa utafiti mwaka 1947, na mwaka uliofuata ndani ya mbu wa msitu huo. Brazili ilikuja kukijua kwa uchungu mwaka 2015.

Muleba watu wamezoea wategaji wa mbu, kwa kuwa vyandarua vya dawa ya aina mpya vilijaribiwa huko kuanzia 2015. Shabaha ilikuwa malaria. Mbu ameshakamatwa, kwa nini asipimwe na virusi pia?

Tusitishane, lakini. Viko virusi vya mbu wenyewe ambavyo havizaliani katika mwili wa binadamu. Mkisikia kwamba virusi vimeonekana kwenye mbu, ulizeni kwanza ni vipi.

Chandarua hutukinga na mbu wa usiku. Mbu wa kidingapopo na chikungunya huuma mchana, naye huzaliana katika mapipa, makopo na matairi yenye maji. Ndugu zake wengine hukaa hata kwenye maji yanayotuama katika makwapa ya majani ya migomba, na sisi wenye vibanja tunajua ni mingapi!

Akina mama, homa ikija, mgonjwa apimwe. Kipimo kisipoonyesha malaria, msimlazimishe dawa ya malaria, wala msimnunulie aspirini au diklofenaki dukani, maana kidingapopo huweza kumtoa damu. Mpeni parasetamoli kwa kipimo chake na vinywaji vingi. Akitoka damu, akitapika mfululizo au akiumwa sana tumbo, mleteni upesi.

Na wategaji wakifika kwenu pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, waachieni nafasi ya mtego kando ya kitanda chenye chandarua. Ni usiku mmoja tu.