Chungu cha wazee wa Bungoma nacho kina adabu yake

Huenda wengi wenu mkashituka kumwona mtu wa pwani, tena Mwislamu aliyelelewa chuoni na msikitini, akiandika katika ukurasa huu juu ya pombe, na si kwa kuilaani tu bali kwa kuikumbuka kwa wema. Kwa hivyo naona heri niliweke wazi jambo moja mapema, tusije tukagombana bure. Pombe kwetu ni haramu. Surat al-Maida imekwisha kukata shauri, na mimi sina elimu wala ujasiri wa kufungua mlango ambao Mwenyezi Mungu ameufunga. Sijapata kuionja, na namwomba Mola nife bila ya kuionja.

Lakini kuharimishwa kwa kitu ni jambo moja, na kuwadharau watu wanaokitumia, bila ya kujua wanakitumia vipi, ni jambo jingine. Hili la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Huku kwetu mtu akitaja Kitale au Bungoma barazani, hakosi mmoja kucheka na kusema, "Aa, wale watu wa busaa!" Likishatamkwa neno hilo, basi habari za kabila zima zimekwisha. Mimi nilikaa upande huo miaka sita, tangu mwaka 1979 hadi 1985, nikiwa karani wa kupima mahindi Kitale na kuzunguka vijiji vya Bungoma wakati wa mavuno. Naona si haki nikae kimya hali niliyoyaona nayajua.

Kitale ni mji wa baridi, chini ya Mlima Elgon. Reli ilifika hapo mwaka 1926 kwa ajili ya mashamba ya masetla, na mpaka leo mji huo ni mji wa mahindi. Hapo ndipo ilipoanzishwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya mwaka 1956. Ukiteremka kusini-magharibi unaingia Bungoma, nchi ya Wabukusu, na huko mahindi na wimbi si chakula tu. Ndiyo asili ya kinywaji ambacho wenyewe hukiita kamalwa, na Wakenya wengi wamezoea kukiita busaa.

Inavyotengenezwa ni hivi. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana, moto ukiwa chini, mpaka ugeuke rangi ya hudhurungi, halafu huanikwa juani. Baadaye hutiwa maji pamoja na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa, na mchanganyiko huo huachwa tena siku chache. Siku ya kukaanga kijiji kizima hunukia. Mimi pua yangu ya pwani ilikuwa ikinidanganya kila mara, nikidhani pana mtu anachoma mikate ya mofa na mmoja umeungua ukingoni. Harufu hiyo ndiyo kumbukumbu yangu ya kwanza, na wala sioni haya kuisema. Pua haina dhambi kwa yanayoijia na upepo.

Sasa tuje kwenye chungu chenyewe. Chungu kikubwa huwekwa katikati, wazee wakakizunguka juu ya vigoda vyao, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao lusekhe. Mrija huo hutokana na mti wenye uwazi ndani, na ncha yake ya chini husukiwa kichungi kidogo cha kuzuia makapi. Mingine ni mirefu kuliko mtu mzima, hata mzee akaweza kukaa mbali na chungu akaegemea ukuta na bado akawa yumo katika mkutano. Maji ya moto huongezwa kila chungu kinapopungua.

Tena desturi hii si ya jana. Katika nchi ya Iraq ya kale, maelfu ya miaka kabla ya Nabii Isa, watu walichorwa wamekaa hivyo hivyo, chungu kati na mirija mirefu mikononi. Mwaka 2022 wataalamu walieleza kwamba mirija ya dhahabu na fedha iliyofukuliwa mwaka 1897 katika kaburi moja la Maikop, kusini mwa Urusi, huenda ikawa ni ya kazi hiyo hiyo, na umri wake ni zaidi ya miaka 5,000. Basi anayemcheka mzee wa Kimilili kwa mrija wake, ajue anacheka jambo lililowahi kuwa la wafalme.

Lakini yaliyonikaa moyoni ni adabu. Chungu nilichokiona mimi hakikuwa cha kila mpita njia. Kijana hakukaa mpaka aitwe. Mwenyeji alianza yeye kunywa, ili wageni wajue hakuna hila. Mtu na mama mkwe wake hawakukutana hapo hata kidogo. Na mwenye ugomvi alikuja nao pale. Niliwahi kuona ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba wakiletwa mbele ya chungu na mirija yao ikalazwa chini. Waliambiwa hakuna atakayeushika wake mpaka kila mmoja aseme lake lote na alisikilize la mwenziwe lote. Ilichukua alasiri nzima. Jua lilipokuwa likitua walinyanyua mirija, na kesho yake mpaka ulipandwa miti mbele ya mashahidi.

Mimi je, nilikaa wapi? Nilikaa pale pale. Mzee mwenye nyumba alinipa kigoda akaniambia, "Mswahili, kaa hapa. Mdomo wako ni wa chai, lakini masikio yako ni ya chungu." Mkewe, niliyekuwa nikimwita Mayi kama walivyomwita wanawe, alininunulia birika dogo na kikombe, akaviweka peke yake juu ya rafu. Hakuna aliyeruhusiwa kuvitumia, asije akavichanganya na vyombo vya pombe. Na kuku alipotakiwa kuchinjwa, kisu kililetwa kwangu, ili sote tule sahani moja. Hakuna hata siku moja aliyenishurutisha kunywa, wala aliyenidhihaki. Najiuliza sana: mgeni wa kutoka Bungoma akija kwetu Mombasa au Malindi, sisi tunaomcheka kwa busaa, huwa tumemwekea birika gani?

Isitoshe, msidhani Wabukusu wote ni wa chungu. Wamishionari wa Kimarekani wa Kanisa la Friends, ambao huitwa pia Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902, na mafundisho yao yakaenea mpaka Bungoma. Waumini wao wanakatazwa pombe kama sisi. Na Uislamu nao si mgeni upande huo. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikipita Mumias, na Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Kwa hivyo kila kijiji nilichokijua kilikuwa na wanaokunywa na wasiokunywa. Walikuwa wakizikana, wakioana, na wakisaidiana katika jando, ambalo huko hufanywa kila baada ya miaka miwili, miaka ya shufwa si ya witiri. Wimbi la jando hukusanywa na ukoo, na kijana mwenyewe hutia maji katika chungu cha kimea. Huo ni wakati wake wa kuambiwa kwamba utoto umekwisha.

Baadhi yenu mtasema, "Hayo ni yao, sisi hatuna uhusiano nayo." Hebu tujitazame. Lugha yetu hii, ambayo tunaisifu kuwa imelelewa na Uislamu, imejaa tembo. Nani kati yetu hajawahi kumwambia mtoto kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Methali hiyo haikutoka Makka. Ilitoka juu ya minazi yetu wenyewe. Na kabla ya hamira za dukani, tembo tamu ndilo lililokuwa likiumulia unga wa vitumbua.

Hata kahawa yetu, fahari ya baraza, ina kisa chake. Neno lenyewe, qahwa, Waarabu wa zamani waliwahi kulitumia kwa mvinyo. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa msimamizi wa mji wa Makka, aliipiga kahawa marufuku, akidai inawakutanisha watu kwa upuuzi kama pombe. Amri hiyo ilitenguliwa baadaye kutoka Kairo. Masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wasishikwe na usingizi katika ibada za usiku. Basi kinywaji kinachotukalisha pamoja leo kilishukiwa kwa sababu hiyo hiyo ya kukalisha watu pamoja. Na mjue kwamba kahawa hulimwa pia katika mitelemko ya Mlima Elgon, kule Kimilili na Chwele. Inawezekana punje zilizomo katika dele lako jioni hii zilichumwa na mkono uliozoea lusekhe.

Simaanishi kwamba kahawa na busaa ni sawa. Busaa inalevya, kahawa hailevyi, na hapo pana mpaka ambao sheria yetu imeuchora. Lakini hata Surat al-Baqara, ilipoutaja ulevi, haikukana kwamba mna manufaa ndani yake. Ilipima, ikabainisha kuwa dhambi imeyazidi manufaa. Nami naona ni insafu tuujue upande wa pili wa mizani, yaani manufaa tuliyoamrishwa kuyaacha. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya manufaa hayo ilikuwa ni huko kukaa duara moja, mkubwa na mdogo kujua nafasi yake, na ugomvi kupata pa kufia.

Msiba wa leo ni kwamba duara limevunjika na kilevi kimebaki. Mahali pengi chungu kimepokewa na chang'aa, ambayo hutoneshwa kwa moto mpaka iwe kali mno, na ambayo mtu huweza kuinywa peke yake, kwa kujificha, kwa pesa ndogo. Serikali iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na upishi ukazidi kuingia vichakani. Sheria ya mwaka 2010 ikaifuta ile ya kwanza, ikaagiza chang'aa itengenezwe kwa leseni na kuuzwa ndani ya chupa. Lakini mwenye tamaa hangoji leseni. Mnamo Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Februari 2024 huko Kirinyaga watu 17 walipoteza maisha kwa kinywaji cha magendo. Hao hawakufa mbele ya chungu ambacho mwenyeji ameanza kunywa yeye. Muuzaji hakuwa na haja ya kujua majina yao.

Na sisi wa pwani tusijifanye tumeokoka. Vijana wetu wangapi wameangamizwa na unga, yaani heroini, katika mitaa ambayo adhana husikika mara tano kwa siku? Wengi wao walianza kupotea pale baraza zilipoanza kuwa tupu. Mzee akajifungia ndani na televisheni yake, kijana akabaki na simu yake kona ya uchochoro, na dele la kahawa likapozwa kabla ya isha. Wa bara wamebaki na kilevi bila ya duara, na sisi tumeliacha duara letu, ambalo halikuwa na kilevi, likafa kwa uvivu. Sijui kati ya wawili hawa nani mwenye lawama zaidi.

Kwa hivyo rai yangu ni mbili. Kwanza, tuache kuwapima watu kwa kinywaji chao. Uharamu wa pombe haukutupa ruhusa ya kiburi, na Mwislamu anaweza kukikataa kikombe bila ya kumkataa aliyekishika. Pili, tulichonacho tukitunze. Sisi hatuna haja ya kuvunja amri yoyote ili tukalishe watu pamoja. Kahawa ni halali, tende ni halali, na mkeka upo. Wenye baraza wazifungue tena baada ya magharibi, na kijana mwenye ugomvi au mwenye shida aitwe kwa jina lake, apewe kikombe, aachwe aseme lake lote.

Wazee wa Bungoma waliweza kufanya hivyo kwa chungu chenye ulevi ndani yake. Itakuwa aibu kubwa ikiwa sisi, kwa kinywaji kisicholevya, tutashindwa.