Wijeti Imegoma, Picha za Singo Zimefuata Nini kwa Fundi?



Leo hatuzungumzii piko wala nguo za kutolea nje. Tunazungumzia kompyuta, na tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, hasa nyinyi mliomo kwenye maandalizi ya harusi. Jambo lenyewe linaanza na kitu kidogo kabisa, linaishia kwenye sitara ya mwanamke.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na wengi wetu tumepandisha laptopu zetu kwenda Windows 11. Huko kuna wijeti zinazokuja na mfumo wenyewe: hali ya hewa pale chini pembeni ya skrini, na ukibonyeza unafunguka ubao wenye kalenda, habari na picha. Mara nyingi baada ya kupandisha mfumo ubao huu ndio wa kwanza kugoma. Unafunguka mweupe. Unazunguka tu hauishi. Unakuonesha mvua ya mji ambao hujawahi kuukanyaga. Au umetoweka kabisa.

Na hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika: "Ipeleke kwa fundi." Fundi anaipokea, anasema iache mpaka kesho jioni, na hapa kwenye karatasi niandikie neno la siri. Dada anaandika, anaondoka, anakwenda zake kuchagua maua ya ukumbi.

Sisi tunasema haifai. Wijeti iliyogoma si sababu ya kumkabidhi mwanamume asiyekuwa maharimu wako kompyuta yenye picha zako za ndani, na neno la siri juu yake. Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu tumechoka kuliona likifanywa kama jambo la kawaida.

Kuna nini mle ndani?

Tuwe wakweli. Simu ikijaa, picha zinahamishiwa kwenye laptopu. Mle mna picha za singo, umekaa na kanga moja kifuani, somo anakusugua mgongo. Mna hina mpaka mapajani. Mna video za usiku wa wanawake, mashoga wamefungua nywele, wamevaa wanavyojua wenyewe, wanacheza. Mna nguo za fungate ulizozijaribu mbele ya kioo ukamtumia dada yako akuchagulie.

Sasa angalieni tunavyojipinga wenyewe. Kwenye sherehe tunaweka mtu mlangoni, hakuna kuingia na simu. Tunamtafuta mpiga picha mwanamke, tunamlipa, tunamsisitizia asimuoneshe mtu. Tunafunga mapazia ya ukumbi hata wapishi wa kiume wasichungulie. Kisha miezi miwili baadaye tunaibeba albamu nzima, tunampelekea mwanamume tusiyemjua hata jina la baba yake, na ufunguo tumempa.

Aya ya 31 ya Suratun Nur imewataja mmoja mmoja watu ambao mwanamke anaruhusika kuonekana nao na mapambo yake. Wahesabu. Fundi wa kompyuta hayumo.

Na picha hizo si zako peke yako. Yule shoga aliyecheza bila ya mtandio aliingia mle ukumbini kwa sababu alikuamini wewe na mama yako. Ile ni amana, na aya ya 58 ya Suratun Nisaa inatuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe. Yeye hakukupa ruhusa ya kumpitisha dukani.

"Mnawadhania watu vibaya"

Tunajua tutajibiwa hivi, na ni jibu la kuheshimiwa, kwa sababu dini imetukataza dhana mbaya. Mafundi wengi ni watoto wa watu, wanatafuta riziki ya halali, na wapo wanaomcha Mungu kuliko sisi. Lakini kufunga mlango wa chumba chako usiku si kumtuhumu jirani wizi. Ni kufunga mlango tu. Aya ile ile inayokataza dhana, ya 12 katika Suratul Hujurat, inakataza pia kupelelezana. Usimuweke mtu mahali ambapo kupeleleza ni kubonyeza mara mbili tu.

Na kama unadhani tunatisha watu bure, Kanada walilijaribu hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph walichukua laptopu wakaziharibu makusudi kwa kitu kidogo mno: walizima kiendeshi cha sauti tu, kazi ambayo haihitaji kufungua faili hata moja la mwenye mali. Wakazipeleka kwenye maduka 16 ya jimbo la Ontario, nyingine kwa jina la mwanamume, nyingine kwa jina la mwanamke. Ripoti yao ya mwaka 2022 inasema kwamba mafundi wa maduka 6 walifungua mambo binafsi ya wateja, na katika maduka 2 kati ya hayo walinakili na kuondoka nayo. Laptopu za wanawake ndizo zilizopekuliwa zaidi. Tatizo lilikuwa sauti. Lako ni wijeti. Tofauti iko wapi?

Na huko Hong Kong mwaka 2008 yalitoka ya mwigizaji Edison Chen. Alipeleka laptopu ikatengenezwe, picha zake za faragha zikanakiliwa, zikasambaa dunia nzima. Fundi alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Lakini waliobeba fedheha kubwa ni wanawake waliokuwamo kwenye picha, ambao hawakupeleka chochote dukani. Sheria ilifika, ndiyo. Ilifika baada ya picha.

"Mficha uchi hazai"

Hii nayo tunaambiwa: ukitaka kutibiwa, jifunue. Methali ni nzuri, ila inatumiwa pasipo pake. Mwanamke hujifunua kwa mkunga kwa sababu hana njia nyingine na maisha yako hatarini, na hata hapo hufunua panapohitajika tu. Wijeti ya hali ya hewa si uchungu wa kuzaa. Na dawa yake unayo mwenyewe mkononi. Fanya hivi, kwa mpangilio huu, ukisimama kila hatua kuangalia kama imepona:

1. Angalia intaneti kwanza. Wijeti zinavuta habari mtandaoni, bando likiisha zinabaki nyeupe. Kisha izime kompyuta na uiwashe upya. Usiifunike tu, chagua kabisa kuiwasha upya.

2. Kama alama imetoweka, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye ule mstari wa chini wa skrini, ingia kwenye mipangilio yake, na uwashe Widgets. Ubao wenyewe unafunguliwa kwa kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi W.

3. Kama saa na tarehe zimevurugika, bonyeza nembo ya Windows na herufi I, mipangilio itafunguka, nenda sehemu ya saa na lugha. Usitafute Zanzibar wala Dar es Salaam kwenye orodha ya majira, hutaipata. Chagua Nairobi, saa tatu mbele ya saa ya dunia, ndiyo saa yetu. Mvua ya mji mwingine inarekebishwa kwenye wijeti yenyewe: bonyeza vitone vitatu, andika mji wako.

4. Kama ubao umeganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatoka orodha ya programu zinazofanya kazi. Itafute Widgets, isimamishe, kisha ifungue tena.

5. Bado? Fungua duka la programu la Microsoft ndani ya kompyuta, nenda kwenye masasisho, usasishe Windows Web Experience Pack. Hiyo ndiyo inayobeba wijeti.

6. Mwisho, rudi kwenye mipangilio, sehemu ya programu zilizowekwa, tafuta Microsoft Edge WebView2 Runtime. Wijeti zote zinachorwa kwa kupitia hiyo, na ikiharibika wakati wa kupandisha mfumo, ubao unabaki mweupe. Chagua kuirekebisha.

Hapo wengi watakuwa wamemaliza. Na kama haikupona, iache imekufa! Angalia hali ya hewa kwenye simu, au chungulia dirishani. Hakuna mtu aliyewahi kukosa harusi yake kwa sababu wijeti ilikuwa nyeupe.

Ukiwa hapo hapo, fanya mambo mawili zaidi. Kwenye ule ubao huweza kuwapo wijeti ya picha, ambayo hukuchukulia picha zako za OneDrive ikakuonesha. Hebu fikiria umefungua laptopu kazini, na singo yako ikajitokeza pembeni. Iondoe. Pili, ingia OneDrive uangalie kama folda yako ya picha inapelekwa huko. Wakati wa kuweka mfumo mpya ni rahisi kukubali jambo hilo bila kulisoma.

"Lakini nimezifuta" na "kuna siku fundi analazimika"

Kufuta hakutoshi. Picha iliyofutwa inakaa kwanza kwenye pipa la taka, na hata likimwagwa, mara nyingi zipo programu za kuirudisha. Kuiweka kwenye folda yenye jina la "Masomo" nako si kuificha.

Ndiyo, zipo siku za lazima: skrini imepasuka, betri imevimba, kompyuta haiwaki. Hatusemi mafundi wasipewe kazi. Tunasema kuna adabu za kumpa:

Kwanza, kama inawaka, hamishia picha kwenye diski ya nje, ibaki nyumbani kabatini. Usingoje iharibike, fanya wiki hii. Pili, nenda na mumeo, kaka yako au mwanao, na muombe itengenezwe mkiwapo. Tatu, neno la siri usiliandike. Likihitajika, liingize mwenyewe kwa mkono wako. Kubadilisha skrini au betri hakuhitaji kuingia kwenye mafaili yako, na anayeling'ang'ania neno la siri kwa kazi hiyo, muulize la nini. Nne, akisema "tupige Windows upya" kwa ajili ya wijeti, chukua laptopu yako uondoke. Huko ni kubomoa nyumba kwa sababu ya taa iliyoungua. Tano, ukirudi nyumbani, badilisha neno la siri.

Na kwenu kaka zetu na waume zetu: tunakuoneni mna wivu mtu akimtazama mkeo njiani. Wivu huo mbona unaishia mlangoni mwa duka la kompyuta? Wewe ndiye unayesema "nipe niipeleke", na wewe ndiye unayeandika neno la siri kwenye karatasi. Kaa na mkeo nusu saa, mfuate hatua hizo sita pamoja.

Na kwenu mafundi wenye dini: wekeni meza mbele ya duka, mteja aone kazi inavyofanyika. Kataeni kupokea neno la siri pasipo haja. Mtapata wateja zaidi, tunakuhakikishieni, kwa sababu wanawake wa mjini huu wanaulizana.

Na kwetu sisi wenyewe: tunataka mkunga mwanamke, mpiga picha mwanamke, mshonaji mwanamke. Mabinti zetu wanasoma kompyuta SUZA na vyuo vingine, halafu tunawauliza lini wataolewa badala ya kuwauliza lini watafungua duka. Tuanze kuwauliza hilo la pili. Na huyo fundi mwanamke naye, picha za watu kwake ni amana vile vile.

Msituambie wanawake hatujui mambo ya kompyuta. Mwanamke anayejua kuchanganya singo kwa kipimo, liwa kiasi hiki na asumini kiasi hiki, na kuhesabu sahani za wageni mia nne bila ya kukosea, hashindwi na hatua sita. Ameambiwa tu kwamba hawezi, akaamini.

Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na akhera, azifanye harusi zetu ziwe za baraka, na atuwafikishe kusitiriana sisi kwa sisi. Amin.

Wabillahi tawfiq.