Mtoto Aiamrishe Kompyuta

Wako wanaodhani kwamba mtoto amekwisha jifunza kompyuta pale anapojua kuiwasha, kuchapa jina lake na kuizima. Hiyo ni kasumba. Mtoto huyo hana tofauti na yule wa zamani aliyekaririshwa mito ya Ulaya ilhali hakuujua mto upitao nyuma ya shule yake: amefundishwa kupokea, hakufundishwa kutenda.

Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, huko Marekani Seymour Papert na wenzake walikuwa wakibuni Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Shabaha yao ilikuwa mtoto aiamrishe mashine, si mashine imwamrishe mtoto. Fikra hizo ndizo zilizozaa Scratch mwaka 2007, programu isiyolipiwa, ambayo leo mtoto aweza kuitumia kwa Kiswahili, hata pasipo na intaneti.

Lakini amri isiyo na jambo ni mchezo mtupu. Kwa mtoto wa Tanzania jambo liko mlangoni: faru mweusi. Mwaka 1970 faru weusi wa Afrika walikadiriwa kuwa 65,000. Katikati ya miaka ya 1990 hawakufika 2,500, kwa bunduki za majangili na tamaa ya wanunuzi wa pembe. Ulinzi mkali umewawezesha kupita 6,000 leo.

Basi mwalimu na awaachie wanafunzi watunge maisha ya faru katika kompyuta. Faru jike hubeba mimba kwa miezi ipatayo 15, akazaa ndama mmoja tu. Mtoto ataagiza: muda huo ukitimia, ongeza mmoja; jangili akipita, punguza mmoja. Atakapoona kundi lake linakwisha upesi kuliko linavyozaliana, atakuwa amejifunza hesabu, sayansi na wajibu wa raia kwa pamoja. Akikosea amri, atajisahihisha mwenyewe.

Itasemwa kwamba shule nyingi hazina mashine wala umeme. Ni kweli, na hilo ni deni la viongozi. Hata hivyo, amri hutungwa kwanza kichwani. Watoto waweza kuigiza faru na jangili uwanjani kwa kufuata amri zilizoandikwa ubaoni. Na palipo na mashine, zisifungiwe ofisini kama vyombo vya wageni. Taifa halitajitegemea kwa vyombo ambavyo watoto wake wanaogopa kuvigusa.