Uso wa Bosi Usiwe Habari ya Wachache

MEZA YA MTAJI
Na Zuhura Mbwambo

Mwishoni mwa Septemba 2002, Richard Kogan, mwenyekiti na mtendaji mkuu wa kampuni ya dawa ya Schering-Plough, alikwenda Boston kuonana na wawekezaji. Aliandamana na mkuu wa mahusiano na wawekezaji wa kampuni hiyo. Kwa juu juu, ratiba yao haikuwa na jipya: vikao vya faragha na taasisi nne za uwekezaji, tatu kati yake zikiwa miongoni mwa wanahisa wakubwa wa kampuni.

Kampuni ilikuwa imebanwa. Claritin, dawa ya mzio iliyoingiza karibu theluthi moja ya mauzo yake yote mwaka 2001, ilikuwa inapoteza kinga ya hataza nchini Marekani Desemba hiyo. Mei, kampuni ilikubali kulipa dola milioni 500 kutokana na kasoro za uzalishaji katika viwanda vyake vya New Jersey na Puerto Rico. Kwamba hali ilikuwa mbaya, kila mchambuzi alijua. Mbaya kiasi gani, hapo ndipo penye fedha.

SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji Marekani, ilieleza baadaye jinsi jibu lilivyotoka: kwa maneno ya Kogan, toni ya sauti yake, mkazo wake na sura yake, vyote kwa pamoja. Mauzo ya hisa yakaanza. Ndani ya siku tatu, bei ya hisa ilishuka kutoka dola 21.32 hadi dola 17.64, na hisa zilizobadilishana mikono zilikuwa karibu mara nne ya kawaida. Oktoba 3, kwenye makao makuu ya kampuni mjini Kenilworth, Kogan aliwaambia wachambuzi na mameneja wa mifuko wapatao 25 kuwa faida ya mwaka 2003 itakuwa mbaya mno. Taarifa kwa umma ilitolewa jioni ya siku hiyo, wakati wenye masikio ya karibu walikuwa na siku kadhaa za kuamua la kufanya.

Septemba 2003 shauri likamalizwa kwa makubaliano. Kampuni ililipa faini ya dola milioni moja na Kogan dola 50,000, bila ya upande wowote kati ya hizo mbili kukiri wala kukana kosa.

Shauri hilo sasa lina zaidi ya miaka ishirini, na Schering-Plough yenyewe ilimezwa na Merck mwaka 2009. Bado linafaa kuwekwa mezani kila kampuni ya dawa inapotangaza nafasi ya mkuu wa mahusiano na wawekezaji. Matangazo hayo hutaka mtu anayezijua hesabu, anayeielewa sayansi kiasi cha kutotia aibu, na anayeweza kukaa na wakubwa wa mifuko bila kutetemeka. Sifa moja haitajwi sana: awe na ubavu wa kumwambia bosi wake, mlangoni kabisa mwa kikao, kwamba leo hatuingii humu mpaka taarifa itoke kwa wote.

Cheo chenyewe kina sura mbili. Sura ya hadharani inaeleweka: kila robo mwaka kuandaa matokeo, kumwandikia mtendaji mkuu hotuba, kumkusanyia maswali yanayoweza kuulizwa na majibu yake, kisha kuongoza simu ya pamoja ambayo mwenye hisa moja anaweza kuisikiliza kama mwenye milioni. Sura ya pili iko kwenye vikao vya ana kwa ana. Kila Januari, viongozi wa kampuni za dawa hukusanyika San Francisco kwenye mkutano wa sekta ya afya wa benki ya J.P. Morgan, katika hoteli ya Westin St. Francis. Ukumbini, wakurugenzi hupanda jukwaani na maelezo yao hurushwa mtandaoni. Kwenye vyumba vya hoteli hiyo na vya hoteli za jirani, vikao hufuatana kutwa nzima, milango ikiwa imefungwa, na hakuna kinachorushwa.

Sheria ya Marekani haikatazi vikao hivyo. Kanuni ya utoaji taarifa kwa haki, iliyoanza kutumika Oktoba 2000, inadai jambo moja: taarifa nzito ikipewa mchambuzi au mwekezaji, na umma upewe wakati huohuo. Ikiponyoka kwa bahati mbaya, itangazwe haraka, kwa kawaida ndani ya saa 24.

Kwa kampuni ya saruji au ya bia, taarifa nzito huja kidogo kidogo: mauzo ya mwezi, bei ya malighafi, kodi mpya. Kwa kampuni ya dawa huja kwa kishindo. Machi 21, 2019, Biogen ilitangaza kusitisha majaribio ya dawa yake ya ugonjwa wa Alzheimer, aducanumab, na hisa zake zikapoteza zaidi ya robo ya thamani siku hiyo moja. Oktoba mwaka huohuo ilisema imeupitia upya mkusanyiko mkubwa zaidi wa takwimu na itaomba kibali, na bei ikaruka tena kwa takriban robo. Molekuli ni ileile, na wagonjwa ni walewale. Kilichobadilika ni usomaji wa takwimu. Katika biashara ya namna hiyo, anayejua saa moja kabla ya wenzake anaweza kuvuna au kuokoa mamilioni.

Ndiyo maana kisa cha TherapeuticsMD, kampuni ndogo ya dawa za wanawake ya Florida, kinaumiza kuliko ukubwa wa faini yake. Mei 2017, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliikatalia kibali dawa yake ya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi. Mwezi uliofuata, wakubwa wa kampuni walikutana na mamlaka hiyo kujadili njia ya kutoka. Siku moja baada ya kikao, wachambuzi wa kampuni za udalali walipokea ujumbe wa faragha: kikao kilikwenda vizuri sana na kilikuwa na tija. Umma haukuambiwa neno. Kesho yake hisa zilipanda kwa asilimia 19.4.

Mwezi Julai mchezo ukarudiwa kwa sura nyingine. Kampuni ilitoa taarifa iliyowaacha wawekezaji na maswali, na bei ikaanguka kwa takriban asilimia 16 hata kabla soko halijafunguliwa. Wachambuzi wakapigiwa simu na kumegewa yaliyojadiliwa na FDA, nao wakayaandika kwa wateja wao. Hadi jioni, sehemu kubwa ya pengo ilikuwa imefukiwa, na siku ikafungwa kwa hasara ya asilimia 6.6. SEC iliitoza kampuni dola 200,000 mwaka 2021. Dawa yenyewe ilikuwa imepata kibali tangu Mei 2018.

Mtetezi wa kampuni atasema: basi kuna ubaya gani? Habari ilikuwa ya kweli, dawa ilipita, aliyebaki na hisa zake hakupunjwa. Jibu liko kwa yule aliyeuza alfajiri ile ya Julai, bei ikiwa imeanguka asilimia 16, kwa kuwa alisoma taarifa ya hadharani na kuiamini. Hisa zake zilikwenda kwa mtu mwingine, na kupanda kwa bei kulikofuata hakukumhusu tena.

Kuna pingamizi la pili, nalo lina uzito. Mwaka 2005, hakimu wa shirikisho mjini New York alitupilia mbali shauri la SEC dhidi ya Siebel Systems, kampuni ya programu za kompyuta. Aliona tume imechambua kila neno la mkurugenzi wa fedha kupita kiasi, na kwamba kanuni haiwalazimishi viongozi kurudia kila mara maneno yaleyale waliyoyasema hadharani. Hakimu alikuwa na hoja. Binadamu hawezi kukaa kikaoni kama sanamu, na mkurugenzi anayeogopa hata kukunja uso ataishia kutosema lolote kwa mtu yeyote.

Lakini pingamizi hilo linathibitisha tu kwamba mlinzi wa mpaka lazima awepo kabla ya kikao, kwa sababu baada ya hapo wanabaki wanasheria. Mlinzi huyo ndiye mkuu wa mahusiano na wawekezaji. Yeye ndiye anayejua kipi kimeshatangazwa na kipi bado. Yeye ndiye mwenye ratiba, na anaweza kuifuta. Wasimamizi nao wameanza kumtazama yeye mwenyewe: SEC ilipoishtaki AT&T mwaka 2021 kwa kuwapenyezea wachambuzi takwimu za mauzo, maofisa watatu wa kitengo chake cha mahusiano na wawekezaji walishtakiwa kwa majina yao, na mwaka uliofuata kila mmoja alikubali kulipa dola 25,000.

Huku kwetu, mfano ulio karibu uko Luzira, Kampala. Kiwanda cha Quality Chemical Industries, kinachotengeneza dawa za kufubaza virusi vya ukimwi na za malaria, kiliingia Soko la Hisa la Uganda mwaka 2018, wakati kikiitwa Cipla Quality Chemical, kwa shilingi 256.5 za Uganda kwa hisa. Miaka iliyofuata bei iliporomoka hadi chini ya shilingi 100. Sababu moja haikutoka maabara: Zambia, mmoja wa wateja wake, ilichelewa kulipa deni kubwa la dawa. Mwaka 2023, Cipla ya India iliuza sehemu yake ya asilimia 51.18 kwa mfuko wa Africa Capitalworks.

Kampuni ya namna hii haisubiri matokeo ya jaribio kubwa kama Biogen. Husubiri zabuni ya serikali, agizo la mfadhili, malipo ya hazina ya nchi jirani. Mwanahisa mkubwa ana mwakilishi kwenye bodi, na barua ya zabuni iliyokosekana ataiona ikiwa bado na wino mbichi. Muuza duka wa Kampala aliyeweka akiba yake humo hana kiti. Anachotegemea ni kwamba kuna mtu ofisini ambaye kazi yake ni kumkumbuka.

Kenya ina kanuni inayosaidia: kampuni iliyoorodheshwa ikiona faida yake itashuka kwa asilimia 25 au zaidi, sharti itoe tahadhari hadharani mapema. Ni mwanzo mzuri, ila inangoja hesabu za mwaka. Kampuni ya dawa inayotegemea wateja wachache wakubwa inapaswa kwenda mbele zaidi kwa hiari yake: itangaze zabuni kubwa iliyopotea siku ileile bodi inapoarifiwa, na deni linalopitiliza muda litajwe pamoja na jina la mdaiwa.

Bodi nazo zibadili kipimo. Kitengo cha mahusiano na wawekezaji kikipewa marupurupu kwa kuangalia bei ya hisa, kitajifunza kupiga simu za kuituliza bei, kama ilivyokuwa Florida. Kipimwe kwa muda unaopita kati ya kampuni kujua na umma kujua. Daftari la vikao vya faragha, likionyesha tarehe, taasisi iliyohudhuria na mada, liwekwe mbele ya mkutano mkuu wa mwaka. Mwanahisa mwenye hisa mia apewe nafasi ya kusimama na kuuliza: tarehe hii mlikutana na mfuko fulani, siku tatu baadaye mkatoa tahadhari ya faida, mlizungumza nini?