Korosho Zinapimwa, Hewa Je?

Eti hewa ya Dar ndiyo chafu, ya kwetu kusini safi. Nani kaipima? Hapo ndipo unapoanzia ugomvi wangu na wakubwa wa halmashauri za Nachingwea na Ruangwa.

Vijana wenzangu, korosho zetu zinapimwa kilo kwa kilo, kisha RUNALI wanaita mnada. Halmashauri nayo haikosi ushuru wake, asilimia 3. Lakini ili korosho hizo zipatikane, kila kipupwe tunapuliza salfa kuua ubwiriunga. Mashine inanguruma, vumbi la njano linapanda juu ya mikorosho, halafu linashukia linapotaka: kisimani, jikoni, hata darasani. Macho yanawasha, kifua kinabana. Ukilalamika unaambiwa ni mafua ya msimu! Ongeza moshi wa kuni na wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua.

Msiniambie vyombo ni ghali. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha AirQo. Wakaunda vipima hewa vya bei nafuu, wakavifunga kwenye nguzo na majengo ya Kampala, mpaka kwenye bodaboda. Mamlaka ya jiji ikashirikiana nao. Ni Waganda hao, majirani zetu.

Najua mtaalamu atadakia: kifaa rahisi hudanganywa na unyevu, chembe kubwa za vumbi humpiga chenga, na hakijui salfa ipi, moshi upi. Kweli kabisa. Basi kilinganishwe na mashine kubwa ya kuaminika, na zahanati iandike nani kakohoa siku gani. Mizani ya korosho nayo huhakikiwa, mbona hatujaitupa?

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri chembe laini zisizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Sisi tunavuta ngapi? Asiye na namba hadai, ananung'unika tu. Na wakubwa wanapenda sana manung'uniko, maana hayana hesabu.

Namba zibandikwe ofisi ya kijiji, zisifungiwe kabatini. Siku za kupuliza zitangazwe, na karibu na shule isipulizwe watoto wakiwa darasani. Fedha? Ule ushuru wa korosho unafanya kazi gani?

Nasi waandishi tuache kusifu "hewa mwanana ya kijijini" kwenye mashairi yetu. Kwanza ipimwe, ndipo tuisifu.