Ithibati Bila Msomaji: Maduka ya Programu za Simu na Mtunzi wa Nyamagana

Mjadala wa kimataifa kuhusu maduka ya programu za simu umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa fedha. Agosti 2020 kampuni ya Epic Games iliwashtaki Apple na Google katika mahakama za Marekani, ikipinga, pamoja na mambo mengine, sehemu ya asilimia 30 ambayo wenye maduka walikuwa wakiikata katika mauzo. Mwaka uliofuata kampuni zote mbili zilipunguza makato hayo hadi asilimia 15 kwa watunzi wadogo, yaani katika mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka. Tangu hapo kumetolewa hukumu, rufaa na faini, na waandishi wengi wanaolishughulikia suala hili bado wanahesabu asilimia.

Makala haya hayapuuzi hesabu hizo, ila yanadai kwamba hazigusi kiini cha tatizo kama linavyoonekana kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria. Mwanafunzi wa Nyamagana anayetunga kamusi ndogo ya Kisukuma na Kiswahili na kuitoa bure hakatwi chochote. Asilimia 30 ya sifuri ni sifuri. Linalomhusu ni ithibati: nani anaisoma kazi yake kabla haijaruhusiwa, anaisoma kwa lugha gani, na akiikataa anatoa sababu gani. Neno “mtunzi” linatumika hapa kwa makusudi. Anayetunga programu ya vitendawili anafanya uteuzi, upangaji na ufafanuzi uleule unaofanywa na mkusanyaji wa kitabu cha vitendawili, na anastahili kuhukumiwa kwa vigezo vinavyofanana na hivyo.

Milango miwili

Mtafiti anayetaka kuona jinsi programu zinavyosafiri Nyamagana hana haja ya kwenda mbali na katikati ya jiji la Mwanza. Kuna mlango wa mbele, ambao ni duka lenyewe: la Apple lililofunguliwa Julai 2008, au la Google lililoanza Oktoba mwaka huohuo kwa jina la Android Market. Kuna pia mlango wa uani. Kwa simu zinazotumia mfumo wa Android, ambazo ndizo simu janja za watu wengi, faili la programu linaweza kuhamishwa kutoka simu moja hadi nyingine kwa Bluetooth au kwa Xender, bila duka na bila kifurushi cha intaneti. Mitaa ya biashara kama Makoroboi imezoea kwa miaka mingi kazi ya kuwajazia wateja nyimbo na filamu katika kadi za simu. Programu nazo hupita njia hiyohiyo.

Mlango wa mbele una gharama. Google hutoza dola 25 mara moja kwa kufungua akaunti ya mtunzi, Apple dola 99 kila mwaka. Hiyo ya pili ni takriban robo milioni ya shilingi, sawa na fedha ya kujikimu ya siku 25 kwa mwanafunzi anayekopeshwa na Bodi kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku kilichoanza mwaka wa masomo 2022/23. Aidha, tangu Novemba 2023 Google imemtaka mtunzi binafsi mwenye akaunti mpya apate kwanza wajaribuji 20 watakaoitumia programu yake kwa siku 14 mfululizo. Desemba 2024 idadi hiyo ilishushwa hadi 12. Masharti haya yanaudhi, lakini yanafahamika. Mwanafunzi wa Malimbe anaweza kukusanya wenzake 12 bwenini. Kizuizi kinachoonekana hujadilika, na hiki kimejadiliwa hadi kikapunguzwa.

Ugumu uko katika hatua ya kusomwa. Mwongozo wa Apple kwa watunzi, unapofikia suala la maudhui yaliyovuka mpaka, hauuelezi mpaka huo ulipo. Unaazima kauli mashuhuri ya jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani aliyesema kuwa atalijua jambo akiliona, kisha unaongeza kwamba mtunzi naye ataujua mpaka akishauvuka. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili akiandika fasili ya namna hiyo katika tasnifu, atarudishiwa. Maduka yote mawili yana pia vifungu vinavyokataza programu zenye utendaji mdogo kupita kiasi, na zile zinazorudia tu yale ambayo tayari yamo dukani. Makusudio ya vifungu hivi ni mema: kuna watu wanaomwaga dukani nakala mia za kitu kimoja. Lakini kuamua kwamba mkusanyo fulani wa methali unarudia mkusanyo mwingine ni hukumu ya kimaudhui, na hukumu hiyo haiwezi kutolewa na asiyeijua lugha.

Chukua mfano wa kubuni. Programu ya vitendawili vya Kisukuma, yenye maelezo ya Kiswahili, inawasilishwa. Baada ya siku chache linakuja jibu la Kiingereza linalotaja nambari ya kifungu na kusema kwamba kazi inafanana na nyingine zilizopo. Inafanana na ipi? Je, aliyesoma alitambua kwamba vitendawili hivi si vile vya pwani vilivyomo katika programu nyingine kadhaa? Je, ni mtu aliyesoma, au ni mashine? Jibu halisemi. Mtunzi anaruhusiwa kukata rufaa, na haki itendeke kwa kusema hivyo, ila rufaa inakwenda kwa kampuni ileile, na huandikwa vizuri zaidi na anayekimudu Kiingereza cha kisheria. Ukubwa wa shughuli yenyewe unatia shaka kama kuna usomaji wa makini: kwa takwimu zake yenyewe, Apple ilipokea mawasilisho takriban milioni 7.7 mwaka 2024 na kukataa milioni 1.9 hivi. Google ilitangaza kuwa mwaka huohuo ilizuia programu milioni 2.36.

Nafasi ya Kiswahili katika shughuli hii haitii moyo. Duka la Google humruhusu mtunzi kuandika maelezo ya programu chini ya jina la Kiswahili. Orodha ya lugha za duka la Apple ina Kikatalani na Kislovakia. Kiswahili, lugha ambayo UNESCO inakadiria kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200 na ambayo imetengewa siku yake ya Julai 7, hakimo. Anayetaka kuieleza kazi yake kwa Kiswahili huko hulazimika kuyaweka maelezo hayo chini ya jina la lugha nyingine.

Ithibati si jambo geni

Ikumbukwe kwamba maandishi ya Kiswahili yamepitia milango ya ithibati kwa karibu karne nzima. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Januari 1930, ilipewa jukumu la kuvipitia vitabu na kuviidhinisha kuwa vya Kiswahili Sanifu. Kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo vikao vyake havikuwa na mjumbe Mwafrika, na lawama juu ya Kiswahili kilichopigwa randa na wageni zinafahamika vyema. Tanzania huru nayo ilikuwa na Kamati ya Ithibati ya Vifaa vya Elimu, EMAC, iliyovunjwa mwaka 2013 baada ya Bunge kujadili makosa yaliyojaa katika vitabu vya shule ilivyovipitisha.

Historia hizi mbili hazitajwi ili kuzisifu kamati hizo. Zinatajwa kwa sababu zote mbili ziliweza kulaumiwa. Kamati ya 1930 ilikuwa na jarida ambamo hoja za lugha zilichapishwa, na makatibu wake walijulikana kwa majina. EMAC ilikuwa na waziri aliyewajibika kusimama bungeni. Mtu aliyekataliwa alijua pa kwenda kugombana. Waamuzi wa maduka ya programu hawana majina, na hakuna bunge la Afrika Mashariki linalowahoji.

Upo mfano wa karibu zaidi na Nyamagana. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kinachofikiwa kwa meli kutoka Mwanza, alikamilisha riwaya yake ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945. Riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ilichapishwa mwaka 1980, na Tanzania Publishing House, tena kwa tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwandishi mwenyewe. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 haikupotea kwa sababu wahakiki waliiona riwaya kuwa dhaifu. Mfumo wa uchapishaji haukuwa na nafasi ya kitabu cha Kikerewe. Hukumu ya kutosomwa ni nzito kuliko hukumu ya kusomwa na kukosolewa, maana haimwachii mtunzi cha kusahihisha.

Hoja ya ulinzi

Watetezi wa maduka wana hoja moja nzito, nayo ni ulinzi wa mtumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo mtandaoni bila leseni. Wakopaji wengi nchini wanaijua adha yake: programu inachukua majina yote yaliyomo katika simu, na mkopaji akichelewa kulipa, shemeji, mwajiri na mchungaji wanapelekewa ujumbe wa kumdhalilisha. Google yenyewe ilikwisha kuzikataza programu za mikopo zisichukue majina na picha za watumiaji kuanzia Mei 2023. Anayedai kwamba milango yote ivunjwe hana jibu kwa mkopaji huyo.

Hata hivyo, mfano huu ukichunguzwa unaitia nguvu hoja ya makala haya. Kitendo cha kuchukua majina kinaweza kugunduliwa na mashine; ujumbe wa kumfedhehesha mtu kwa Kiswahili, wenye mafumbo na vijembe vyake, unahitaji msomaji wa Kiswahili. Ithibati isiyoijua lugha hukosea pande zote mbili: huweza kumzuia mkusanya vitendawili na kumpitisha mkopeshaji dhalimu, kwa kuwa machoni pake matini zote mbili ni herufi tu.

Suala hili sasa lina tarehe. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba, kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne na kuanzia 2027 kwingineko, programu zitakazowekwa katika simu za Android zilizothibitishwa nayo zitapaswa kuwa za mtunzi aliyejitambulisha kwake, hata kama hazikupitia dukani. Baada ya malalamiko iliahidi njia ya pekee kwa watumiaji wenye uzoefu. Kwa vyovyote vile, mlango wa uani unaanza kuwekewa mlinzi aliyeajiriwa na mwenye mlango wa mbele. Kamusi ya Kisukuma inayopitishwa kutoka simu hadi simu Igogo au Mkuyuni nayo itamhitaji mtunzi aliyesajiliwa.

Ulaya imeonyesha kwamba kampuni hizi zinaweza kulazimishwa kueleza matendo yao. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Julai 2020 huyataka majukwaa, maduka ya programu yakiwemo, kumpa mfanyabiashara sababu kwa maandishi yanapomwekea vizuizi au kumwondoa. Lakini kanuni hiyo inamlinda aliye na makao ndani ya Umoja huo. Mtunzi wa Lisbon anadai sababu kwa haki. Wa Nyamagana anaomba kwa hisani. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ni ya 2003, miaka mitano kabla ya maduka haya kufunguliwa, na ni vigumu kuilaumu kwa kutoyaona yaliyokuwa hayajazaliwa. Wabunge wa sasa hawana udhuru huo.

Idara za Kiswahili zina sehemu yao, nayo haihitaji kusubiri sheria. Kwanza, kanuni za maduka haya zitafsiriwe kwa istilahi zinazoeleweka, ili mtunzi ajue anatia saini nini. Pili, na hili ndilo la haraka, idara ikusanye barua za kukataliwa walizopokea watunzi wa Mwanza, Bukoba, Musoma na kwingineko, majina ya wenyewe yakifutwa, na kuzichambua kama matini nyingine yoyote: kifungu kilichotajwa, sababu iliyotolewa, dalili kwamba Kiswahili kilisomwa au hakikusomwa. Mwanafunzi mmoja wa uzamili anaweza kuianza kazi hiyo muhula huu kwa barua 20. Tume ya Ushindani ikiitwa kulijadili suala hili bila barua hizo mezani, itajadili tena asilimia 30.