Kuta Zimepambwa, Majina Yako Wapi?

Hivi karibuni tulitoka hapa Songea kwenda Unguja kikazi, tukapangiwa malazi ya siku mbili katika hoteli ndogo ya kifahari ya Mji Mkongwe. Hatuitaji jina, kwa sababu jambo tutakalolisema si la hoteli hiyo peke yake. Nyumba ni ya kale na imetengenezwa kwa ustadi. Kuta zake zimejaa sanaa za kisasa toka mlangoni hadi darini: chui, nyati, ndege na samaki waliochorwa kwa rangi zinazong'aa, pamoja na vinyago vya mpingo kila kona ya ngazi.

Asubuhi tulimwuliza kijana wa mapokezi ni nani aliyechora chui aliye juu ya meza yake. Kijana yule alitujibu kwa adabu: "Hizo ni tingatinga tu, mzee wangu." Tulitazama pembeni mwa ile picha, nyuma yake, na ukutani chini yake. Hapakuwa na jina. Lakini sabuni ya chumbani ilikuwa na karatasi yake, iliyoeleza viungo vilivyomo na mahali ilikotengenezwa. Sabuni ina asili, picha haina.

Tingatinga alikuwa mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, katika mkoa huu wetu wa Ruvuma. Kama vijana wengi wa kusini wa zama za ukoloni, aliondoka kwao kutafuta kibarua, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora juu ya vipande vya mbao laini za kiwandani, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, kwa kuwa ndizo zilizopatikana madukani na ndizo alizozimudu. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka michache tu, lakini wanafunzi wake, ambao wengi wa mwanzo walikuwa jamaa zake na watu wa kwao, waliiendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika pale Oyster Bay.

Leo mtindo huo unapamba mahoteli ya visiwani na ya Bara, na wageni huondoka nao kwenda Ulaya, Marekani na Japani. Jina la mtu limegeuka kuwa jina la bidhaa, na wachoraji waliomfuata wamebaki bila jina kabisa. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu hakutuzwa kwao, na huko alikokwenda jina lake limeachwa lielee bila mwenyewe.

Hatusemi kwamba wenye mahoteli ni wanyonyaji. Wao angalau wamezinunua kazi hizo na kuzitundika mahali panapoonekana. Tukiwa wakweli, inatubidi tuanze kujikosoa sisi wenyewe. Ingia katika ofisi zetu nyingi za umma, uone ni nini kilichotundikwa ukutani: kalenda za benki na ratiba za vikao. Kiongozi anayeifumbia macho kazi ya mwananchi wa wilaya yake hana haki ya kumlaumu mwenye hoteli aliye ng'ambo ya bahari.

Wako wanaodai kwamba picha hizi hunakiliwa sana, chui mmoja huchorwa na watu kumi, na kwa hiyo jina halina maana. Sisi tunaona kinyume chake. Kunakili kunashamiri kwa sababu jina halithaminiwi. Mahali ambapo mnunuzi hajali nani kachora, mchoraji anayebuni jambo jipya hulipwa sawa na anayeiga, na mwisho wake wote huuza kwa bei ya chini. Jina likiandikwa, mbunifu atatafutwa, na bei itapanda kwa haki.

Wala hatudai jambo geni. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mkataba huo unatambua haki ya msanii kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi yake, hata baada ya kuiuza. Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, kwa kuwa jambo hili si la Muungano. Picha iliyochorwa na kijana wa Tunduru na kutundikwa Shangani inapita kati ya mamlaka mbili, na ni rahisi ikose msemaji pande zote mbili.

Kwa hiyo tunatoa wito. Kwanza, Kamisheni ya Utalii Zanzibar na wenzao wa Bara waitake kila hoteli inayotumia sanaa kuvutia wageni iweke chini ya kila kazi jina la msanii na mahali atokako. Gharama yake ni kipande cha karatasi. Pili, ofisi za hakimiliki za pande zote mbili zishirikiane, ili msanii wa upande mmoja asikilizwe upande wa pili. Tatu, wenye mahoteli wanunue moja kwa moja kwa wasanii na vyama vyao. Nne, na hili ni letu, Mkoa wa Ruvuma utenge mahali hapa Songea pa kuonyesha kazi za wachoraji na wachongaji wake, ili kijana wa Tunduru asilazimike kwenda pwani ndipo aitwe msanii.

Tulipokuwa watoto chuoni, mwalimu alitufundisha kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jina pia ni ujira. Hapa Songea tunalielewa hilo vizuri. Kila mwaka tunawakumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, na tunayataja majina yao ili yasipotee. Tuliowatunzia majina waliokufa hatuna sababu ya kuwanyima majina walio hai, ambao kwa brashi na rangi ya baiskeli wanazipamba nyumba ambazo wenyewe hawana uwezo wa kulala.